Funda Moja la Maziwa

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa wodi ya kifua walinifanyia chai, wakanipa blanketi na sufuria kubwa, na binti mmoja niliyemfundisha kuchoma sindano akaniomba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia tulipokuwa tukikunja vitambaa. "Andika ya mwanzo, Mama," alisema, "ya wakati wa Mwingereza. Haya ya sasa tunayajua." Nikamwambia ya mwanzo yananuka. Akasema hata ya sasa. Basi naandika. Anayetafuta vyeo na mishahara yangu akaangalie kwenye mafaili ya ofisi, na asiende na miwani, maana hakuna mengi ya kusoma.

Kwa baba mimi ni Mmeru wa Kimandolu, kwa mama ni Mwarusha wa Elerai. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonipa kazi. Wasichana tuliosoma nao uuguzi kwa wamisheni walikuwa na alama nzuri kuliko zangu, lakini mimi nilikuwa na Kimeru cha baba, Kimaa cha mama na Kiswahili, na wagonjwa wa kifua walitoka pande zote za mlima. Daktari anaweza kusikiliza pafu bila mkalimani. Mwenye pafu ndiye anayehitaji mtu wa kumsemea.

Siku ya kwanza nilivaa aproni iliyopigwa wanga hadi ikasimama yenyewe. Sista mkuu wa wodi, Mwingereza mrefu mwenye mikono mikubwa, alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu iliyojaa vikopo vya bati vyenye vifuniko. Kila mgonjwa alikuwa na kikopo chake cha kutemea makohozi. Kazi yangu ilikuwa kuvikusanya asubuhi, kutoa sampuli ya kupeleka maabara, kuviosha kwa dawa kali na kuvichemsha. Sista alinyoosha kidole na kunipa mafundisho yote ya wodi kwa Kiswahili chake cha walowezi: "Hapa mate adui. Mate hapana chini. Mate hapana dirisha. Mate hapana mkono. Mate kopo."

Nilifunua kikopo cha kwanza, nikafunua cha pili, kisha nikatoka kwenda kutapika kwenye migomba nyuma ya jengo. Niliporudi nilimkuta Mzee Zakayo, dresa wa zamani, yaani mfunga vidonda, ananingoja na sanduku la bandeji.

"Shikamoo," nikamwambia, nikiwa bado najifuta mdomo.

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi twende. Kila mtu hutapika mara moja. Wewe umekwenda nje, una adabu. Mimi nilimtapikia Sista viatu."

Huyo Zakayo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mmeru wa mlimani, mzee wa kanisa, na mvutaji ugoro ambaye alipiga chafya kila baada ya sala. Vitabu vya Sista vilinieleza pafu lina sehemu ngapi. Zakayo alinionyesha jinsi mtu asiyepata pumzi anavyotaka kukaa. Alikuwa anageuza kiti, mgonjwa anakikalia kama anayepanda punda, mikono juu ya egemeo na kichwa juu ya mikono. Akitolewa maji kifuani kwa sindano, hukaa hivyo hivyo, na mbavu zinafunguka vizuri nyuma. Jambo lingine ni upepo. Mgonjwa aliyeelemewa, Zakayo alimsogezea kitanda hadi kwenye mlango wa baraza ili upepo wa mlimani umpige usoni, na pasipo na upepo tulimpepea kwa kipande cha jani la mgomba. Usimpepee kifua, alikuwa akisema, kifua kina nguo. Mpepee pua na mashavu. Nimefanya hivyo mpaka wiki yangu ya mwisho kazini, ingawa majani ya mgomba yameadimika mjini na miaka ya mwisho nilitumia magazeti.

Mwaka wangu wa pili alikuja daktari mpya, kijana kiasi, aliyetumwa kuchunguza dawa mpya za kifua kikuu. Wagonjwa walimwita Bwana Pumzi, kwa sababu salamu yake kwa kila mtu ilikuwa "Vuta pumzi." Utafiti wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Wagonjwa wa upande mmoja wa wodi walipata vidonge peke yake, wa upande wa pili vidonge na sindano, na makohozi ya wote yalipimwa mara kwa mara ili ijulikane ni nani wadudu wake wamekwisha upesi. Lakini alikuwa na swali lake jingine, la moyoni. Alitaka kujua wale ambao dawa haiwasaidii, tunaweza kuwapunguzia nini. Nimefanya kazi na madaktari wengi baada yake, na wengi hupita haraka kwenye kitanda cha mtu asiyepona. Yeye alivuta kiti.

Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, na wagonjwa walivificha shavuni na kuvitema nyuma ya wodi, ambako kuku wa jirani walividonoa. Sista alisema kuku wale walikuwa na mapafu mazuri kuliko wilaya nzima. Dawa ya ujanja huo tuliipata kwenye desturi zetu wenyewe. Huku kwetu salamu si neno moja: unaulizwa wewe, nyumba, watoto, ng'ombe, migomba, na kila swali lina jibu lake. Basi nikimpa mgonjwa kidonge na maji, namsalimia salamu nzima. Mwenye kidonge shavuni hafiki kwenye ng'ombe.

Lakini desturi hizo hizo zilitaka kuuharibu ule uchunguzi wake wa pili, wa kuwapunguzia watu shida ya pumzi. Daktari alipowauliza wagonjwa mahututi wanajisikiaje, wote walijibu njema. Mtu midomo imegeuka rangi, anakamata kingo za kitanda, anajibu njema, kwa kuwa kumjibu mgeni "mbaya" kabla hajaketi ni utovu wa adabu. Daktari aliandika njema, njema, njema, halafu wale waliokuwa njema wakafa. Alikuja kwangu akiwa amechanganyikiwa kabisa. Nikamwambia asiulize, kwanza asalimie hadi mwisho, anyamaze kidogo, ndipo aweke mawe. Mawe hayo tuliyaokota mtoni na Zakayo, mengine madogo kama punje ya kahawa, mengine ya kujaza kiganja. Tuliyapanga kwenye sinia, mgonjwa akachagua lile linalolingana na uzito ulioko kifuani mwake siku hiyo. Mtu ambaye hathubutu kusema mbaya hakuona haya kuokota jiwe kubwa. Kwa mawe hayo Daktari alijifunza kwamba dawa chungu ya maji, ile ya kutuliza maumivu iliyofungiwa kwenye kabati la Sista, inafaa zaidi ikitolewa kidogo kidogo kwa saa zake kuliko kungoja mgonjwa aelemewe kwanza.

Wakati tukiwa tumeshazoea mawe, aliletwa Mzee Loishiye, Mwarusha wa Oldonyo Sambu.

Alikuja kwa lori la viazi, amejifunga shuka mbili na juu yake koti la jeshi. Mwingereza alikuwa amempeleka vitani, akarudi na koti hilo na mazoea ya sigara, na vyote viwili alikuwa anavitunza. Alikuwa mrefu, mkavu, na upande mmoja wa kifua chake haukuinuka alipopumua. Kila mtu aliona kifua kikuu. Daktari alipomfikia, mzee alitema mate kidogo kwenye kiganja chake cha kulia na kumnyooshea mkono.

Daktari alikuwa Mwingereza mwenye malezi, akaupokea. Kisha akabaki anautazama mkono wake. Sista alifika na beseni la dawa kabla hata sijafungua mdomo, na Daktari akanawa palepale, mbele ya mzee, hadi kwenye kiwiko. Katika faili akaandika kwamba mgonjwa hajui usafi. Mzee Loishiye alivuta shuka yake, akageukia ukutani.

Nilimfuata Daktari kwenye baraza. "Bwana, huyu mzee hakukuchafua. Kwao mkubwa anayekupa mkono wenye mate amekupa heshima. Ndivyo anavyowabariki watoto wake."

"Amenibariki?"

"Amekubariki, nawe umenawa."

 Kisha akarudi wodini, akamwambia mzee kupitia mimi kwamba anaomba radhi, kwamba kwenye nyumba hii mate yana wadudu, lakini heshima ameipokea. Mzee alimsikiliza na kusema kwa Kimaa, "Mwambie mtoto huyu hana kosa. Hakuwa na wa kumfundisha." Nilitafsiri sehemu ya kwanza.

Tukaanza kumtibu. Kifua kilijaa maji, Zakayo akamkalisha kwenye kiti kilichogeuzwa, Daktari akayatoa, na yakatoka mekundu. Baada ya hapo mzee aliweza kutembea hadi kwenye uzio wa waya kuzungumza na wageni, maana wageni wa wodi ile hawakuruhusiwa kuingia ndani.

Mgeni wake alikuwa binti yake wa mwisho, Nembris. Alikuja kwa miguu na kwa malori, akasimama upande wa pili wa waya, akainamisha kichwa. Kwao mtoto humsalimu mkubwa kwa kichwa, na mkubwa anamgusa utosini. Mzee aliinua mkono, ukagonga waya, akaushusha. Nilikuwa karibu na ndoo yangu ya vikopo, nikasikia yote. Nembris alikuwa ameposwa, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika, na wakwe walitaka kumchukua kabla ya mvua za masika. Binti anapoondoka kwao, baba yake hunywa funda la maziwa na kumpulizia kichwani na kifuani, akimwombea kwa Engai, Mungu wao. Ndugu wa kiume wa mzee walikuwa wameshakufa wote. Hakuna mwingine wa kufanya hivyo.

"Siondoki nyumbani bila wewe, Baba," Nembris alisema. "Wakitaka wachukue ng'ombe wao."

Jioni ile mzee alimwomba Sista ruhusa ya kwenda kwao na kurudi. Sista alikataa. Mzee akasema basi ataondoka bila ruhusa, akaanza kuvaa koti. Nilikimbia kumwita Daktari, akaja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwambie," alisema, "kama ana ugonjwa huu, wadudu wako kwenye mate yake. Akimpulizia binti maziwa, anampulizia ugonjwa usoni, siku ya harusi."

Nilitafsiri. Nilitaka kuilainisha nikashindwa, Kimaa cha mama yangu hakina mahali pa kuficha jambo la namna hiyo. Mzee alivua koti mkono mmoja, akakaa.

"Sitaki kumuua mwanangu," alisema. "Lakini asipobarikiwa ataondoka nyumbani kama aliyefukuzwa. Hilo nalo litamuua, polepole." Akavua na mkono wa pili. "Nitangoja. Mwambieni Nembris naye angoje."

Lazima niseme hapa kwamba jambo lile liliniuma pengine kuliko lilivyostahili kumuuma nesi. Baba yangu alikuwa Mlutheri wa kweli kweli, kwake baraka ni maneno ya mchungaji na mkono mkavu juu ya kichwa. Lakini asubuhi niliyoondoka kwenda kusomea uuguzi, bibi yangu mzaa mama alinivuta nyuma ya nyumba, akanitemea mate utosini na kusema, nenda sasa, hakuna atakayekurudisha. Nilifika shuleni nikaosha nywele kwa sabuni ya wamisheni, lakini miaka yote niliposhindwa na jambo niliyakumbuka mate ya bibi na siyo kitu kingine. Nilijua hasa kile ambacho Nembris anakosa.

Wiki zikapita. Makohozi ya Mzee Loishiye yalikwenda maabara na majibu yakarudi kwamba hakuna wadudu. Yakapelekwa tena, yakarudi hivyo. Daktari aliniuliza kwa upole kama vikopo vyangu vinaweza kuchanganyika. Nikamwonyesha. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakusoma, kila mmoja alikuwa amechora kwenye kifuniko alama ya ng'ombe wake, ile anayokatwa sikioni au kuchomwa pajani, na Wameru wasio na ng'ombe wengi walichora jani la kahawa au shoka. Mwarusha anaweza kupoteza kofia yake, lakini hawezi kushika kikopo chenye alama ya ng'ombe wa mtu mwingine. Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka, akaenda kuitazama tena picha ya kifua dirishani. Akamtoa tena mzee maji mekundu kifuani, akayatia kwenye chupa na kuyapeleka kwenye maabara kubwa, mbali.

Huku tukingoja, mawe ya mzee yalikuwa yakikua. Alianza na la ukubwa wa harage, akafika kwenye yai la njiwa. Nembris alikuja kila alipoweza, akainamisha kichwa kwenye waya, akaondoka. Wakwe, alisema, wameanza kunung'unika.

Majibu yalipokuja Daktari aliniita barazani kabla ya kwenda kitandani. Alisema si kifua kikuu, ni kansa ya pafu, na imeshafika mbali, kisu hakiwezi tena. Siku zile mgonjwa wa namna hiyo hakuambiwa. Aliambiwa apumzike, ale vizuri, na jamaa ndio walionong'onezwa. Sista alisimama nasi na yeye alitaka iwe hivyo, na sikumwona mbaya, alitaka kumhurumia.

Nikasema, "Bwana, usipomwambia ana nini, utamwambiaje kwamba hana kile kingine?"

Wote wawili walinitazama. Sikuwa nimekusudia kusema jambo kubwa. Nilikuwa nafikiria mate tu.

Tulikwenda. Mzee alikuwa kwenye kitanda cha mlangoni, ameutazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa wazi mpaka juu. Daktari alimsalimia salamu nzima, kama nilivyomfundisha, akafika hadi kwenye ng'ombe. Kisha akanyamaza, kisha akasema, nami nikatafsiri. Neno la kansa sikulijua kwa Kimaa. Nilisema ni kidonda kinachokula, kiko ndani, na hakuna dawa ya kukitoa. Nilisema Daktari anaahidi kuifanyia kazi pumzi yake na maumivu yake kila siku, hatamwacha.

"Kitaniua?"

"Ndiyo, Baba."

 Upepo ulikuwa ukiingia vizuri.

"Na mtu akiwa karibu nami, kinamrukia?"

Nikamuuliza Daktari. "Hapana," alisema. "Hakimrukii mtu yeyote."

Mzee aliacha kuutazama mlima, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe na lori la viazi nikamwona anatabasamu. "Basi mate yangu ni safi," alisema.

"Anasema nini?" Daktari aliuliza.

Nilimwambia. Akavuta kiti karibu na kitanda. "Mwambie ndiyo. Mwambie ni safi kabisa."

Nililia pale pale, mbele ya mgonjwa, kitu ambacho nimewakataza ninyi wote. Mzee akanikemea. "Entito," aliniita, yaani binti, "mbona unalia? Aliyeambiwa ni mimi."

Sasa likabaki jambo moja, na hili nataka vijana mlisome vizuri, kwa maana ndilo kazi yenyewe. Kupuliza funda la maziwa kunataka pumzi. Si kumwaga, ni kupuliza, yatoke kama manyunyu na kumfika mtu aliyesimama. Mzee Loishiye alikuwa ameshafika mahali ambapo kuzima kibiriti kulimshinda. Kusafiri hadi Oldonyo Sambu hakuweza tena. Ikakubaliwa Nembris aletwe hapa, yeye na mama yake na wazee wa wakwe, na wodi nzima ikaanza kazi ya kumtafutia mzee pumzi ya funda moja.

Daktari alitoa maji kifuani siku moja kabla, si mapema zaidi yasije yakarudi, wala si asubuhi ile ile, maana sindano humchosha mtu. Sista alipanga saa za dawa chungu ili nguvu yake iwe mahali pake wakati wageni wakifika, mzee awe na nafuu bila kusinzia. Zakayo alimfanyisha mazoezi ya kupuliza maji kwenye beseni, akikaa kwenye kiti kilichogeuzwa, funda dogo dogo, kisha apumzike. Mimi nilipepea. Wagonjwa wa pande zote mbili za utafiti, wa vidonge na wa sindano, walikuwa wakitazama mazoezi yale na kutoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. "Ameifikia miguu ya Zakayo," mmoja alitangaza. "Kesho atafika kwa Sista."

Wakaja asubuhi, wamepaka mafuta, shanga za Nembris zikilia kila alipotembea. Mama yake alibeba kibuyu kilichofungwa majani mabichi mdomoni, kimejaa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Hapo Sista alikwama. Alikuwa ameandaa maziwa yaliyochemshwa, kwenye kikombe cheupe, yamefunikwa kitambaa. Mzee alikitazama kikombe kile kwa heshima, akatikisa kichwa. Sista akanitazama mimi, akatazama kibuyu chenye harufu ya moshi, akamtazama mzee.

"Sawa," alisema. "Hiyo."

Yeye mwenyewe alifungua lango la uzio. Tulimtoa mzee na kiti chake hadi uani, uso kwa mlima. Alikataa kukaa. Zakayo akamshika upande mmoja, mimi upande mwingine, na chini ya koti la jeshi nilihisi mbavu zake zikihesabika. Nembris akaja akainamisha kichwa, na safari hii hapakuwa na waya. Mzee alimgusa utosini, akauacha mkono pale.

Kisha akapokea kibuyu, akatia funda mdomoni. Akavuta pumzi puani, nasi tukavuta naye, wodi nzima iliyojazana madirishani, na Daktari pia. Akapuliza.

Yalifika. Yalimfika kichwani na kifuani na kwenye shanga zote, manyunyu meupe, na tone moja lilitua kwenye kiatu cha Sista. Mzee alisema, kwa vipande, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha, "Engai akulinde. Uzae. Uzeeke," na baada ya kila kipande wazee wa wakwe waliitikia, "Naai," yaani ee Mungu, na madirishani Waarusha wote waliitikia, na nilimsikia Zakayo, mzee wa kanisa, naye akiitikia. Nembris hakujifuta. Aliondoka na maziwa usoni, akitembea taratibu, kama desturi inavyotaka, bila kugeuka nyuma.

Mzee Loishiye aliishi hadi masika yalipoanza. Hakuwa na siku rahisi, na sitaki kuwadanganya. Zilikuwapo asubuhi ambazo hakuna jiwe kwenye sinia lililomtosha. Lakini Daktari alitimiza ahadi yake, akaja kila siku na kusalimia hadi kwenye ng'ombe, na mzee akawa anampa mkono wenye mate. Daktari aliupokea, na mara zote alingoja hadi afike nje ya macho ya mzee kabla ya kunawa. Baadaye sina hakika kama alinawa.

Siku chache kabla hajatuaga, nilikuja asubuhi na ndoo yangu kuchukua kikopo chake. Nembris alikuwa ametuma maziwa kutoka kwa mumewe, na kibuyu kilikuwa mezani. Mzee alinionyesha kwa kidole nikilete, nikadhani ana kiu. Nikamsaidia kutia funda. Akanionyesha tena kwa kidole, chini, mbele yake. Nikaelewa, nikapiga magoti na kuvua kofia yangu ya unesi.

Hakuwa na pumzi ya kupuliza. Alijaribu, mashavu yakajaa, hayakutoka. Basi akaniinamia, akayaacha tu yadondoke kutoka mdomoni mwake, ya uvuguvugu, yakanishuka utosini hadi kwenye paji la uso. Alisema neno moja tu alilolipatia pumzi. Alisema, "Entito."

Nilipoinua macho Sista alikuwa amesimama mlangoni, na maziwa yalikuwa yananitiririkia puani. Nilingoja aniambie mate kopo. Alikuja hadi kitandani, akachukua kikopo cha mzee chenye alama ya ng'ombe wake, akachukua na ndoo yangu yote, akaenda kuviosha mwenyewe.

Nikavaa kofia yangu juu ya maziwa, nikaendelea na zamu.